Seti ya kipindi inaanzia nyuma ya kichwa cha mgeni

Mtu akikuita umtengenezee seti ya kipindi cha mazungumzo, mara nyingi anakuja na picha moja kwenye simu. Picha yenyewe ni studio ya Marekani au Uturuki, pana, taa kila kona, ngazi, skrini kubwa nyuma, sofa la rangi ya maziwa, na anakwambia nataka kama hii. Mi siku hizi sibishani naye. Namuomba tukitafute hicho kipindi tukicheze wote, tuangalie ile studio nzima inaonekana muda gani, na kila mara inakuwa vilevile, inaonekana mwanzo muziki unapopiga, inaonekana wakirudi kutoka kwenye matangazo, basi, muda wote uliobaki unaona sura ya mtu kuanzia kifuani kwenda juu na kipande cha ukuta nyuma ya kichwa chake. Hicho kipande ndo seti.

Nafanya hizi kazi Dar, nilianza na nembo na mabango, baadae nikaingia kwenye seti, na hili la kuanzia nyuma ya kichwa limenisaidia kuliko programu yoyote ya dizaini niliyojifunza. Mfano ninaopenda kuwapa wateja ni Larry King, yule mtangazaji wa Marekani. Kipindi chake pale CNN kilianza 1985 kikaisha 2010, miaka 25, na nyuma yake kulikuwa na ramani ya dunia ya vitone vya rangi kwenye giza, mezani maikrofoni kubwa ya kizamani, na yeye mwenyewe na mikanda yake ya mabegani ya kushikia suruali. Ukifungua kipande chochote cha kile kipindi, hata kama aliye kwenye picha ni mgeni na Larry haonekani kabisa, vile vitone vinakwambia uko wapi. Hakuna ngazi wala maua. Ni wazo moja, limewekwa pale ambapo kamera inaangalia.

Kazi ninayotaka kuielezea hapa ilikuwa ya dada mmoja mtangazaji aliyeamua kuanzisha kipindi chake mwenyewe, kiende YouTube na baadae kituo cha televisheni. Maelezo aliyonipa yalikuwa mafupi na nayashukuru mpaka leo: "Kaka, mgeni akikaa ajisikie yuko nyumbani kwa mtu anayemheshimu, na mtu akipita kwenye simu ajue ni kipindi changu kabla hajasoma jina." Nikamwambia dada hapo umeshamaliza nusu ya kazi. Wateja wengi wanakupa rangi na fonti wanazozipenda, wachache sana wanakwambia mgeni ajisikie nini.

Nikaanza na karatasi. Sikuchora chumba, nilichora fremu za kamera, mistatili tu, ndani ya kila mstatili kichwa na mabega: mtangazaji peke yake, mgeni peke yake, wawili pamoja, mgeni wa pili akiwepo. Alafu kwenye kila mstatili najiuliza nyuma ya kichwa kuna nini, na kile kitu kimekaa wapi, kulia ama kushoto ya sikio, au kinatokea utosini kama pembe. Ramani ya chumba ikaja mwisho, kwasababu ukishajua fremu unajua ukuta unaanzia wapi na viti vinakaa wapi.

Chumba chenyewe kilikuwa sebule ya nyumba ya kupanga Mikocheni, dari iko chini, madirisha upande mmoja. Hapa kuna jambo linalozua mabishano kila kazi, umbali wa kiti na ukuta. Mwenye kipindi anataka viti visogee ukutani ili chumba kionekane kikubwa. Ukimkalisha mtu amegusana na ukuta kivuli chake kinatua palepale nyuma ya sikio, huna pa kuweka taa ya nyuma, na kila kasoro ya ukuta inaonekana vizuri kuliko uso. Mi nadai mita 2 kama chumba kinaruhusu, na kama hakiruhusu naomba japo moja na nusu. Ukishapata hiyo nafasi lenzi yenyewe inalainisha ukuta na mgeni anatoka mbele.

Na taa ya nyuma kwetu siyo pambo. Wageni wetu wengi ni weusi, nywele nyeusi, na studio nyingi zinapakwa rangi za giza kwasababu zinaonekana za kisasa, matokeo yake kichwa kinazama kwenye ukuta. Watu wanadhani dawa ni kuongeza taa ya mbele, unaongeza, paji la uso linang'aa jasho na mashavu bado hayana umbo. Kinachotakiwa ni mwanga mpana na laini unaotokea pembeni, ngozi nyeusi inapendeza sana ikipokea mwanga mkubwa ulioenea, unaona mstari wa shavu, unaona macho, alafu taa ndogo nyuma kidogo juu inayochora ukingo wa bega na nywele. Tukumbuke kwamba teknolojia ya picha haikuanza ikitufikiria sisi, Kodak walikuwa wanasambaza kwenye maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley, na kwa miaka mingi huyo ndo alikuwa kipimo cha ngozi sahihi. Kamera za leo zimekwenda mbali, ila mwanga bado unapangwa na mtu, na huyo mtu akiiga mafunzo ya mtandaoni neno kwa neno, atampangia mwanga mgeni ambaye hayupo pale.

Kwahiyo hata rangi ya ukuta tuliichagua kwa uso kwanza. Nilichukua vipande vya mbao nikavipaka rangi tofauti, tukawasha taa zenyewe zitakazotumika, dada akakaa, akakaa na mdogo wake mwenye ngozi nyeupe kidogo, tukarekodi kila kipande nyuma yao. Usichague rangi kwenye kompyuta, kabisa. Ile bluu iliyokuwa inapendeza kwenye laptop ikageuka kijivu chini ya taa, na kijani kizito ambacho hakuna aliyekipa nafasi ndo kikashinda, ngozi zote mbili zilipata uhai mbele yake. Nyeupe niliikataa mapema, ukuta mweupe unaifanya kamera ipunguze mwanga na uso wa mgeni unaenda giza.

Ukiwa dukani sasa kumbuka kuuliza rangi ya maji isiyong'aa. Mafundi wetu wanapenda rangi ya mafuta kwasababu inadumu na inafutika, ila kwenye seti kila taa inajionyesha ukutani. Hili lilitugusa kwa namna nyingine, dada alitaka picha za Tingatinga ukutani, na mimi nazipenda mno, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapahapa Dar mwaka 1968 kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za baiskeli, akafariki 1972 na mtindo ukabaki mikononi mwa wenzake. Lakini rangi zile ni za mafuta na zinameremeta, uzuri wake kwa macho ndo shida yake kwa kamera. Tukaitundika moja pembeni, tumeiinamisha kidogo kwa juu ili ule mng'ao urudi sakafuni na siyo kwenye lenzi. Inaonekana kwenye picha pana tu, na pale inatosha.

Kitenge nacho. Kila seti unayoambiwa iwe ya Kiafrika mtu anafikiria kugundisha kitenge ukutani. Nakipenda kitenge, na Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo naweza kushinda kutwa nzima, ila michoro midogomidogo na mistari ya karibukaribu ikiingia kwenye kamera inaanza kutetemeka, unaona mawimbi ya rangi yanatembea kwenye kitambaa, hata mashati ya drafti ndogo yanafanya hivyo na ndo maana wageni wanaombwa wasiyavae. Alafu ukuta wote ukiwa unapiga kelele, uso unashindana nao. Nikamwambia dada tusichukue kitambaa, tuchukue mpangilio. Kanga ina pindo pembeni lenye kazi nyingi, ina mji katikati, na jina lake chini. Tukaufanya ukuta ule wa kijani kuwa mji mtulivu, alafu pindo likawa nguzo za wima, umbo moja tu la korosho tumelikuza mpaka likawa kubwa kuliko sahani, likakatwa kwenye MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa, na kupakwa rangi ya udongo mwekundu.

Kwanini wima, maana prodyuza alitaka mstari wa ulalo uzunguke studio nzima. Mstari wa ulalo ukipita nyuma ya mtu aliyekaa unamkata shingo, au unampita machoni, na kila mgeni ana urefu wake, huwezi kuukwepa. Nguzo ya wima unaweza kuipangia nafasi ikae juu ya bega, upande ambao mtu anaangalia. Nilizipanga nguzo kwa kufuata zile fremu za karatasi, yaani nafasi kati ya nguzo na nguzo haiko sawa, ukisimama chumbani unaweza kuona kama fundi amekosea, ukienda kwenye kamera kila mtu ana nguzo yake pembeni ya kichwa.

Ilijengwa na fundi wa Keko, mtu mzima anayejua mbao kweli. Vijana wanaochora kwa kompyuta naomba mlishike hili, programu inakupa milimita na fundi anaongea futi na inchi. "Bosi, hiyo ndo inchi ngapi?" aliniuliza mara ya kwanza nilipompa mchoro, tukakaa chini tukaandika upya vipimo vyote, na kuanzia hapo naandika vyote viwili kwenye kila mchoro. Mbao za MDF zinakuja futi 8 kwa 4, kwahiyo ukichora ukuta wa futi 5 umemlazimisha fundi aunge na kutupa mabaki, na kiungo kinaonekana kwenye kamera mwanga ukikipiga kutoka pembeni. Nikapanga kuta ziwe paneli za futi 4, viungo vyote vikajificha nyuma ya zile nguzo za pindo. Paneli zina mguu wa pembe tatu kwa nyuma na mfuko wa mchanga juu yake, zinashuka na kupanda, kwasababu ile nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba anaweza kuihitaji. Na kwa hewa ya pwani paka rangi mpaka kingo na mgongo wa MDF, ikinywa unyevu inavimba na hairudi.

Viti ndo sehemu niliyotumia muda mwingi zaidi na ninadhani watu wanaidharau. Dada alitaka baraza, lile la mawe la nje ya nyumba za Unguja, watu wamekaa wanaongea na wapita njia. Wazo zuri sana kwa kipindi, maana barazani ndo mazungumzo yetu yalipo. Tatizo ni kwamba barazani watu wanakaa bega kwa bega wote wanaangalia njia, na ukiwaweka hivyo mbele ya kamera mgeni akitaka kumuangalia mtangazaji anageuza shingo, unapata sikio lake badala ya uso, baada ya nusu saa shingo inauma na majibu yanakuwa mafupi. Tukalivunja baraza likawa na kona, mtangazaji upande mmoja, wageni upande wa pili, magoti yanaelekeana kidogo na nyuso zinaangaliana bila kujilazimisha. Lile umbo la baraza bado linasomeka kwenye picha pana.

Urefu wa kukalia tukaweka sentimita 45, juu kuna godoro gumu. Masofa laini ya chini yanamzamisha mtu, tumbo linajikunja, sauti inabanwa, magoti yanapanda juu kuliko kiuno na mama aliyevaa gauni anatumia kipindi kizima kuvuta nguo badala ya kuongea. Mzee akitaka kuinuka anahitaji kushikwa mkono mbele ya watu, na hakuna mzee anayependa hivyo. Stara ya mgeni ni sehemu ya dizaini, nilikuwa nakaa mwenyewe pale na mke wangu anakaa akiwa na gauni, alafu na buibui, tunaangalia kamera ikiwa chini inaona nini. Mbele tukaweka meza ndogo ya mbao, siyo ya kioo, kioo kinaonyesha taa na kinaonyesha miguu. Na viti vya kuzunguka hapana kabisa, mgeni akiwa na wasiwasi anazunguka kulia kushoto bila kujua na mtazamaji anapata kizunguzungu.

Kwenye umeme, vijana wengi wanajifunza kutoka kwa Wamarekani na wanaweka shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, 1/60 ya sekunde, wanashangaa kwanini taa zinapepesa kwenye video na mistari ya giza inapanda juu taratibu. Umeme wa Marekani ni hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde, wetu ni 50. Weka 1/50, rekodi fremu 25 kwa sekunde, na taa nyingi zitatulia. Mikanda ya LED ya bei rahisi inaweza kupepesa hata hapo, hasa ukiipunguza mwanga, kwahiyo ukienda Kariakoo kununua nenda na kamera, omba iwashwe palepale, punguza mwanga na urekodi kabla ya kulipa. Na kama kuna televisheni nyuma ya mgeni ipunguze mwanga mpaka uione imefifia kwa macho, kwenye kamera itakuwa sawa, ikiachwa ilivyo inakuwa dirisha la bluu linalovuta macho yote.

Joto pia linaingia kwenye dizaini. Kiyoyozi kinapiga kelele kwahiyo kinazimwa wakati wa kurekodi, na Dar mwezi wa pili unakijua. Zile taa za zamani za wati 800 zingemchemsha mgeni, LED ndo zimetuokoa, tunapoza chumba kabla, tunazima, tunarekodi kwa vipande. Mwangwi wa sebule tupu tuliumaliza na mapazia mazito ya kijani kilekile pale ambapo kamera haifiki, zulia chini ya baraza, na pamba ya madini nyuma ya paneli. Magodoro ya sponji wengine wanatumia, mi sipendi, yanashika moto haraka na kuna taa na nyaya kila mahali.

Tukija kwenye michoro ya skrini, kitu cha kwanza nilichotupa ni templeti za kununua. Bango la jina linalotokea chini ya mgeni kwenye hizo templeti limepimwa kwa cheo kifupi, herufi chache. Sisi mgeni anaweza kuwa Mwenyekiti wa Chama cha Ushirika cha Wakulima wa Korosho, au Kaimu Mkurugenzi wa Idara fulani ya Wizara fulani, na hapo bado hujaweka Dkt. au Mheshimiwa mbele, na ukikosea kuweka utapigiwa simu. Ukipunguza herufi ili vitoshe mtu wa simu hasomi. Nikatengeneza bango la mistari miwili ya cheo tangu mwanzo, jina kubwa juu, cheo chini, na lina ukingo wa pindo lilelile la ukutani ili ukuta na skrini viongee lugha moja. Nilikusanya vyeo virefu kuliko vyote nilivyoweza kupata nikavijaribu kabla hata sijachagua fonti. Kipindi cha Kiswahili kidizainiwe kwa maneno ya Kiswahili, cheo kirefu ni cha kawaida kwetu na mtu amekifanyia kazi, anastahili kusomwa chote.

Alafu simu. Fremu ya kawaida ni 1920 kwa 1080, ukiikata iwe ya kusimama kwa ajili ya vipande vya TikTok na Instagram, urefu ni uleule 1080 lakini upana unabaki kama 607, chini ya theluthi ya picha. Nembo kubwa uliyoitundika katikati ya mtangazaji na mgeni imekwenda, mdhamini aliyelipia pembeni amekwenda. Kinachobaki ni kichwa na kilicho karibu ya kichwa. Zile nguzo zilikuwa zimepangwa kwa hilo pia, nilichora mstatili mwembamba ndani ya kila fremu na kuhakikisha kuna japo nguzo moja inaingia. Vipande vya kipindi vilipoanza kusambaa watu walivijua kwa ile kijani na ile korosho nyekundu, na dada alifurahi sana kwasababu ndo kitu alichoomba siku ya kwanza.

Wadhamini walipokuja, mmoja alitaka ukuta wote uwe rangi yake. Pesa ilikuwa nzuri na ninaelewa kwanini mtangazaji anatamani kukubali. Lakini rangi ya ukuta ni uso wa kipindi, mkataba ukiisha unabaki na ukuta wa mtu mwingine, na kampuni zenyewe zinabadilika, Tigo tuliyoizoea miaka yote iligeuka Yas mwaka 2024, nembo mpya na kila kitu. Tukatengeneza sehemu tatu za mdhamini zinazotoka: kikombe, kibao kidogo mezani, na paneli moja nyembamba karibu ya kiti cha mtangazaji ambayo inaingia hata kwenye picha ya simu. Mdhamini alipoonyeshwa kile kipande cha 607 na paneli yake ikiwa ndani alikubali mwenyewe, maana ukuta aliokuwa anautaka ulikuwa unakatwa.

Siku ya kukabidhi nilimpa dada faili zote za nembo na mabango, namba za rangi za kompyuta na namba za rangi za dukani kwa pamoja, kopo la kila rangi lililobaki limeandikwa jina na ukuta wake, na picha moja iliyopigwa kutoka kila kamera mtu akiwa amekaa. Sakafuni kuna tepu inayoonyesha miguu ya baraza na stendi za taa, na urefu wa kila kamera umeandikwa kwenye hiyo tepu kwa futi na kwa sentimita. Akibadilisha mpiga kamera, huyo mpya analinganisha picha yake na ile niliyoiacha, akiona nguzo imehamia utosini kwa mgeni anajua kiti kimesogea, anakirudisha kwenye tepu wanaendelea kurekodi.